Nyumba ya Mchimba Shaba

Sisi wa Kampala tukisikia neno "urithi", mara moja twafikiri Kasubi, makaburi ya Makabaka, yaliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Ni haki. Lakini je, nyumba ya kibarua si urithi?

Tazameni Kilembe, karibu na Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori. Reli ilifika Kasese mwaka wa 1956, hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliyopelekwa Jinja kuyeyushwa. Wachimbaji na jamaa zao walikaa bondeni katika nyumba ndogo za kampuni, zilizopangwa safu safu. Mwaka wa 1982 kazi ya shaba ilisimama; nyumba zikabaki.

Zina faida gani? Daftari la kampuni laweza kutuambia tani zilizochimbwa, lakini halisemi mchimbaji alilala wapi. Basi pima chumba kwa hatua zako, hesabu madirisha, tazama mahali pa kupikia, kisha uliza watoto walilala wapi. Hapo utajua mtu yule alihesabiwa kuwa nani.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi. Zilizosalia zapasa kupimwa na kuchorwa, na wazee waliokaa humo waulizwe wangali hai. Mto haungoji.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Asili yetu si majumba ya wafalme peke yake.