Kusomea Uhandisi Mitambo Ukitokea Chang'ombe

Kijana wako anashinda kwenye karakana za hapa Chang'ombe, Dodoma, akitazama mageti yakichomelewa na beringi zikibadilishwa, na sasa anasema anataka kuwa mhandisi. Aanzie wapi?

Uhandisi mitambo ni taaluma ya kubuni, kuunda na kutunza mashine: pampu za visima, injini, mashine za kukamua alizeti. Shafti ikikatika, fundi huweka nyingine. Mhandisi hupiga hesabu ya unene na aina ya chuma ili isikatike tena. Ndiyo maana Hisabati na Fizikia hazikwepeki.

Akiwa kidato cha sita, njia ya kawaida ni tahasusi ya PCM: Fizikia, Kemia na Hisabati. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Pointi 4 zinakuruhusu kuomba tu; penye ushindani huchukuliwa walio juu zaidi.

Je, kama ameishia kidato cha nne? Akiwa amefaulu Hisabati, Fizikia na Kemia, aombe stashahada ya miaka 3: DIT Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha au MUST Mbeya. Akipata wastani wa 3.0 na kuendelea, anaweza kuomba shahada. Msiidharau njia hii. Anayeipita hufika chuo kikuu akiwa ameshashika mashine ya kukereza vyuma kwa mikono yake.

Shahada ni miaka 4. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi tangu 1973. MUST na DIT navyo vina shahada hii. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kiko jirani, ila kinajulikana zaidi kwa uhandisi wa migodi, mafuta na kompyuta, kwa hiyo soma kwanza mwongozo wa udahili wa TCU. Maombi hutumwa mtandaoni moja kwa moja chuoni. Anayekudai pesa ili "akuhakikishie nafasi" ni tapeli.

Gharama je? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ada ni kama shilingi milioni 1.3 kwa mwaka. Ongeza 20,000 ya TCU na 50,400 ya bima ya afya, kisha chakula na malazi, ambavyo ndivyo huwaelemea wengi. Nauli nayo ihesabiwe: treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida hadi Dar ilikuwa 31,000.

Bodi ya Mikopo hupokea maombi kwa ada ya 30,000, na mkopo hutolewa kulingana na uhitaji. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Waliofaulu sana sayansi waulizie pia ufadhili wa serikali uitwao Samia Scholarship.

Wengi hukwama kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sababu lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kabla ya kuomba mkopo. Msisubiri dirisha lifunguliwe, kihakikini sasa.