Mas-ala: Posho ya Mafakiri Hupimwa kwa Nini?

Ndugu zetu wa Mbezi Luis watuuliza: fedha za TASAF wapewazo kaya maskini, zafaa au hazifai?

Jawabu. Mpango huu ulijaribiwa kwanza Bagamoyo, Chamwino na Kibaha jirani yetu, katika vijiji 80. 40 vikapewa mwanzo, 40 vikangojea, ili tofauti ijulikane. Ikaonekana kheri: watoto wakanunuliwa viatu, watu wakaingia bima ya afya, wakafuga kuku.

Lakini jua, ewe msomaji, kuwa posho ile hulipwa kila miezi miwili, na mafakihi wetu hawakupima hivyo. Wako waliosema fakiri hupewa katika zaka kimtoshacho mwaka. Imam Nawawi katika Minhaj akasahihisha: apewe kimtoshacho umri wake, anunue milki ya kumletea pato; na mwenye ufundi, wamesema, apewe bei ya zana. Basi mshonaji asiye na cherehani, ukimpa posho umemzuilia njaa (wala si jambo dogo), na ufakiri wake u pale pale. Yafaa kuhesabu waliotoka daftarini, si walioandikwa tu.

Nasi tugawao zaka vijisenti mlangoni kila Ramadhani, mizani hii yatupima kwanza. Matajiri kumi wa mtaa mmoja wakiziweka pamoja, cherehani hupatikana.