Shamba la Kibaha na Chuo cha London

*Shikamoo Bibi. Niko mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dar, nasoma uchoraji kwa mkopo wa Bodi. Nimepata nafasi ya kuanza upya shahada katika chuo cha sanaa London. Wakala anataka malipo ya awali ndani ya wiki tatu. Baba yuko tayari kuuza shamba letu la Kibaha, litatosha mwaka wa kwanza. Miaka inayofuata nitajilipia kwa kuuza picha huko. Mama amenyamaza. Niende? — S., Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu S. Kwanza hongera. Kuchaguliwa kwa kazi ya mikono yako si jambo dogo, na hamu yako siioni utoto hata kidogo. Tena baba anayetoa ardhi ili mwanawe ashike brashi ni wa kumshukuru Mungu. Wenzako wengi huniandikia kwamba kwao uchoraji huhesabiwa uvivu.

Hesabu

Ila umenipigia hesabu ya mwaka mmoja, na shahada ni miaka mitatu. Katika vyuo vingi vya sanaa vya London ada ya mwanafunzi wa kigeni imevuka pauni 20,000 kwa mwaka, na hapo hujala wala hujalala. Viza nayo ina yake. Utalipa pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka wa masomo, zote kwa mkupuo siku unayoomba. Halafu fedha za ada na za kujikimu kwa miezi 9 ziwe zimetulia benki siku 28 mfululizo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hizo picha za kuuza

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Viza ya mwanafunzi wa shahada Uingereza inakuruhusu kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini inakataza kujiajiri. Mchoraji anayeuza kazi zake ili apate riziki, huyo amejiajiri. Kwa hiyo utaruhusiwa kuosha sahani mgahawani, ila kazi iliyokupeleka huko ndiyo usiyoweza kuifanyia biashara. Na sahani hazilipi ada. Zinasaidia nauli na mkate.

Mwaka wa pili ukifika, ada ikakosekana, chuo kitakuondoa masomoni na viza itafuata. Utarudi huna shahada ya huku wala ya kule, deni la Bodi liko palepale kwa sababu kuacha chuo hakulifuti, na wazee hawana shamba.

Ukimaliza hapa kwanza

Mchoraji Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, alisoma Makerere na kufundisha hapo kabla ya kwenda shule ya sanaa ya Slade, London, miaka ya 1950. Alifika mtu mzima, anajua anachokitafuta. Magdalene Odundo wa Kenya, ambaye vyungu vyake vinawekwa kwenye majumba ya makumbusho, alikuwa tayari yuko Uingereza alipofunga safari mwaka 1974 kwenda Abuja, Nigeria, kujifunza kufinyanga kwa mkono. Hata walioko huko huja kutafuta huku.

Ukiwa na shahada mkononi, milango ni mingine. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia ada, nauli na kujikimu kwa shahada ya pili ya mwaka mmoja, lakini hudai shahada ya kwanza na saa 2,800 za kazi. Shule ya sanaa ya Royal Academy ya London, aliyopitia mchoraji Michael Armitage wa Nairobi, haitozi ada kabisa. Ni ngazi ya uzamili, na wanaoingia ni wachache mno.

Basi muda uliobaki hapa chuoni utumie kwa mkoba wako wa kazi. Picha zipige barazani asubuhi, kivulini, bila flashi, pembe nne za turubai zikae sawa. Weka na kurasa za daftari la michoro, hata zenye doa la chai, maana wanaochagua hupenda kuona ulivyofikiri kabla ya kufika kwenye rangi.

Wakala na mama

Mawakala wengi hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Wiki tatu hizo ni haraka yake, isiwe yako.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni maneno mawili: mama amenyamaza. Mwanamke hanyamazi kwa shamba alilolima kwa sababu hana la kusema. Mkute peke yake, jikoni au popote, umuulize, kisha utulie mpaka amalize.

Nimesema kwa upole, sasa nasema wazi: usiende mwaka huu, na shamba lisiuzwe. Baba mwambie wewe mwenyewe, umshukuru kabla ya kukataa, asije akadhani umemdharau. Chuo kiandikie moja kwa moja bila kupitia kwa wakala. Waambie huji, na uwaulize wana ufadhili gani kwa shahada ya pili. Jibu likija, mpe baba alisome.