Mlima Uzungukwao Wala Haupandwi

Wazee wa Kikuyu walipomwomba Ngai waliuelekea Kirinyaga, wala hawakuona haja ya kukanyaga theluji yake. Kwa hiyo msomaji wa kwetu hatastaajabu sana kusikia habari za Kailash, mlima ulio magharibi mwa Tibet, nyuma ya milima ya Himalaya. Urefu wake wakaribia futi 21,800. Wahindu huamini kuwa ndiyo makao ya Shiva. Wafuasi wa Buddha, Wajaini, na watu wa dini ya kale ya Tibet iitwayo Bon, nao huutukuza. Hakuna ajulikanaye kuwa amefika kileleni. Kuuheshimu mlima huu ni kuuzunguka.

Mzunguko ni maili 32. Huanza Darchen, kijiji kilicho juu zaidi ya futi 15,000, na mahujaji huuweka mlima mkono wa kuume. Watu wa Bon huuweka mkono wa kushoto, hata wakakutana uso kwa uso na wenzao njiani. Mtibeti mwenye nguvu aweza kumaliza kwa siku moja. Wageni wengi hutembea siku tatu. Tena wako wasiotembea. Mtu hulala kifudifudi juu ya mawe, akanyosha mikono, kisha akainuka na kusimama pale zilipofika ncha za vidole vyake, akalala tena; na hivyo hivyo maili zote, majuma kadha.

Mtihani wenyewe ni kipito cha Drolma La, chenye futi 18,500 hivi. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, hakifiki futi 17,100. Kumbe mahali wanapopita wazee hawa, wengine na fimbo mkononi, pamekipita kilele chetu! Uzito wa hewa huko ni karibu nusu ya ule wa Mombasa. Mtu hupiga hatua kumi akasimama kuhema. Akiumwa kichwa na kutapika, asizidi kupanda. Akishindwa kupumua hata amekaa kitako, huenda maji yameingia mapafuni, na dawa ya kutumainiwa ni kuteremshwa upesi, ijapokuwa usiku. Lakini nani atakubali kurudi, naye ameungoja mlima huu maisha yake yote? Hapo ndipo watu hufa.

Kwa sababu hiyo, mahujaji watumwao na Serikali ya Bara Hindi kwa njia ya Lipulekh hupimwa na madaktari mjini Delhi, na wakiisha kupanda milimani hupimwa mara ya pili huko Gunji. Njia nayo ina hatari zake. Mwezi wa Agosti, 1998, mlima uliporomoka usiku juu ya kambi ya Malpa, ukaua watu zaidi ya 200, na kati yao mahujaji wapatao 60.

Safari hizo zilikuwa zimekatika miaka mingi kabla ya kufunguliwa tena mwaka 1981. Zilisimama mara nyingine mwaka 2020, zikaanza upya mwaka 2025. Hata sasa, yule ambaye damu yake au pumzi yake haimridhishi daktari wa Gunji hurudishwa nyumbani kutoka hapo, na Kailash hajauona.