Kwa Nini Mtafiti Huvuka Mipaka ya Fani Yake? Funzo kutoka Ngorongoro

Tuchukulie kwamba mtoto mchunga mbuzi ameng'atwa na mbwa asiyejulikana katika kijiji kimoja cha Ngorongoro. Jeraha ni dogo, na nauli ya kumpeleka Karatu kutafuta chanjo haipo. Tabibu atauliza juu ya chanjo. Daktari wa mifugo atauliza juu ya mbwa: alitoka wapi, na amewang'ata wangapi wengine? Mchumi atauliza juu ya nauli. Maswali hayo matatu yanahusu uhai wa mtoto mmoja, na hakuna fani moja inayoweza kuyajibu yote. Hapo ndipo unapoanzia msukumo wa watafiti wengi kuvuka mipaka ya taaluma zao.

Historia ya utafiti wa kichaa cha mbwa katika eneo hili inalidhihirisha jambo hilo. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa uwapatao mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Macho ya wahifadhi yakageukia mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Miongoni mwa waliowachunguza mbwa hao alikuwa Sarah Cleaveland, daktari wa mifugo kutoka Uingereza. Uchunguzi wa maradhi ya mbwa ulimfikisha kwenye swali la kitabibu: je, kichaa cha mbwa huua Watanzania wangapi?

Mwaka 2002, yeye na wenzake, akiwamo Mtanzania Magai Kaare, walichapisha makadirio yao. Badala ya kutegemea vifo vilivyoripotiwa, walianza na idadi ya watu walioumwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa, kisha wakakadiria ni wangapi wangefariki. Walipata takriban vifo 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya idadi iliyoripotiwa rasmi. Mgonjwa anayefia nyumbani haingii katika daftari la hospitali. Daktari wa binadamu asingemwona bila msaada wa wataalamu wa wanyama na wa hesabu.

Baadaye Katie Hampson, mtaalamu wa ikolojia atumiaye hisabati, pamoja na wenzake, walifuatilia majeraha yaliyoandikwa katika vituo vya afya vya wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Walikwenda hadi kwenye kaya kumtafuta mbwa aliyeng'ata, na pia mnyama aliyemwambukiza mbwa huyo. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kwa wastani, mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza zaidi kidogo ya mbwa mmoja. Kwa hiyo, kampeni za kuchanja asilimia 70 ya mbwa zinaweza kuukata mnyororo wa maambukizi.

Ni kweli kwamba fedha na sifa nazo huwasukuma watafiti. Hata hivyo, kazi ya kwenda boma kwa boma kuuliza habari za mbwa aliyekufa miezi iliyopita huhitaji msukumo mwingine: kujua kwamba kifo hiki kinazuilika, na kwamba chanzo chake kiko nje ya wodi.

Mhudumu wa afya ni sehemu ya utafiti huo, kwa kuwa ulianzia katika daftari lake. Apokeapo mtu aliyeng'atwa, aandike tarehe, kijiji na hali ya mbwa, kisha amjulishe afisa mifugo mapema.

Nawe uliyeng'atwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, na ukamilishe dozi zote utakazopangiwa. Usisubiri dalili: zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki. Siku ya kampeni ya chanjo ikifika, mpeleke mbwa wako. Kwa kufanya hivyo utakuwa umemkinga pia yule mtoto mchunga mbuzi.