SOMO: HATI KWANZA, ADA BAADAYE



Tunapochangia elimu ya juu, kwa kawaida tunaanza kwa kuuliza ada ni kiasi gani. Kwa mtoto wa mhamiaji kuna swali linalotangulia: ana hati gani?

Wapemba wa Kenya
Miaka mingi iliyopita wavuvi kutoka Pemba walihamia pwani ya Kenya. Watoto na wajukuu wao walizaliwa na kusoma huko, lakini hawakuwa na kitambulisho cha taifa. Bila kitambulisho, hata aliyefaulu vizuri hakuweza kuomba mkopo wa serikali wa chuo. Julai 2023, huko Kilifi, Rais William Ruto aliwakabidhi hati za uraia. Waliokwisha kukosa nafasi za masomo hawakurudishiwa miaka yao.

Texas, Marekani
Mwaka 2001 jimbo hili liliwaruhusu vijana wahamiaji wasio na kibali, waliokaa huko miaka mitatu na kumaliza sekondari, walipe ada ya mkazi, ambayo ni ndogo kuliko ya mgeni. Walitakiwa kuahidi kwa maandishi kuomba ukaazi wa kudumu mara watakapostahili. Juni 2025 nafuu hiyo ilifutwa mahakamani. Tunajifunza kwamba nafuu ya ada ni msaada mkubwa, lakini haichukui nafasi ya uraia.

Hapa kwetu Mwanakwerekwe
Tunaishi pamoja, wenyeji na waliotoka Bara. Bodi ya Mikopo ya taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha Watanzania. Bodi ya Zanzibar, ya mwaka 2011, hukopesha Wazanzibari. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe: cha Bara na RITA, cha Zanzibar na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Asiye raia huanzia Idara ya Uhamiaji, na shauri lake huchukua muda. Kusubiri matokeo ya kidato cha sita ni kuchelewa.

Maswali ya kujadili
1. Je, vijana wetu wote wa kidato cha pili wana vyeti vya kuzaliwa?
2. Ni nani katika kamati atawasindikiza wazazi kwenye ofisi hizo?
3. Je, sehemu ya mchango wetu inaweza kulipia cheti na nauli kabla ya kulipia ada?