Somo la Robo Hii: Pedali ya Mafuta na Taa za Dashibodi katika Gari la Mradi



Katika ukurasa huu wa masomo tumezoea kuzungumzia visima, vikundi vya kuweka na kukopa, na utunzaji wa fedha za usharika. Safari hii somo letu ni gari la mradi. Huenda mjumbe akauliza hilo linaihusu nini kamati wakati dereva yupo na fundi yupo. Linaihusu sana, kwa sababu uamuzi wa kulisimamisha gari mara nyingi hautoki kwa dereva. Unatoka kwa mwenye safari: mwenyekiti anayewahi kikao, mgeni anayewahi ndege Dar es Salaam, au muuguzi mwenye mama mjamzito kwenye kiti cha nyuma. Dereva anaona taa nyekundu, anasema, naye anajibiwa, "Twende tu bwana, tutaangalia tukifika."

Mazingira yetu tunayafahamu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti, kilomita zipatazo 140, na kuendelea Ikwiriri hadi Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, barabara ni ya lami. Shida huanza ukiiacha lami kuelekea Nyamisati na vijiji vingine vya pembezoni mwa delta. Kiangazi ni mchanga na vumbi, masika ni tope zito, na mwaka mzima hewa ya chumvi kutoka kwenye mikoko inakula chuma. Gari linaishia bandarini, kinachofuata ni boti. Likiharibika huko, fundi mwenye vifaa yuko mbali.

Tuanze na pedali ya mafuta. Katika Land Cruiser za zamani zenye injini ya dizeli, zile tunazoziita mkonga, pedali imeunganishwa na pampu ya dizeli kwa waya wa chuma unaopita ndani ya ganda. Pedali ikiwa nzito au ikichelewa kurudi, kwa kawaida waya umeshika kutu ndani ya ganda, au tope limekauka kwenye bawaba ya pedali, au springi ya kurudishia imechoka. Kupaka oili husaidia iwapo waya ni mzima. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, waya huo ubadilishwe kabla ya safari, wala msibishane na dereva. Pedali ikiwa nyepesi ghafla na injini ikabaki kwenye silensa, waya umekatika au umechomoka upande wa pampu.

Kisha kuna zulia la mpira. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mwaka 2009 huko San Diego, Marekani, watu wanne wa familia moja walifariki baada ya zulia lisilo la gari lile kuibana pedali ya mafuta. Toyota iliita mamilioni ya magari yarekebishwe, mengine kwa sababu ya zulia na mengine kwa sababu pedali yenyewe ilikuwa ikinata. Kwetu tunatandika maboksi na vipande vya mazulia ya nyumbani ili tope lisichafue sakafu. Upande wa dereva visiwekwe kabisa.

Pedali ikikwama chini gari likiwa linakwenda, dereva akanyage breki kwa nguvu na aishikilie, asiikanyage na kuiachia mara kwa mara. Akanyage klachi, atoe gia, alipeleke gari pembeni, na likishasimama ndipo azime injini. Asichomoe ufunguo gari likiwa kwenye mwendo, maana usukani unaweza kujifunga.

Mara nyingi hata hivyo pedali ni nzima, waya ni mzima, na gari bado halivuti. Hapo muulizeni dereva dizeli ilinunuliwa wapi. Mbali na vituo vya mafuta dizeli huuzwa kwenye madumu, na dumu lililokaa nje masika huwa na maji. Magari mengi ya dizeli yana taa ya rangi ya chungwa yenye alama ya chujio na matone. Ikiwaka, maji yamejaa chini ya filta. Dawa yake haihitaji fundi. Zima injini, weka kopo chini, legeza kizibo kilicho chini ya filta, sukuma pampu ya mkono hadi itoke dizeli safi, kisha kaza. Maji hayo yakiachwa yakafika kwenye pampu na nozeli, gharama yake inaweza kumaliza fungu la matengenezo la mwaka mzima.

Katika magari mapya pedali haina waya wa chuma. Ina sensa inayotuma taarifa kwa umeme. Maji yakiingia kwenye viunganishi vyake, kama inavyoweza kutokea kwa gari lililovushwa kwenye mafuriko kama yale ya Aprili 2024, taa ya injini huwaka na gari hukataa kuongeza mwendo. Linajilinda. Hapo ni kulipeleka taratibu kwa fundi mwenye kompyuta ya kupimia.

Sasa taa nyekundu. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa za tahadhari huwaka, na injini ikishawaka huzimika. Ambayo haikuwaka kabisa imeungua, au kuna mtu ameitoa. Mjumbe yeyote anaweza kufanya ukaguzi huu, hata asiyejua kuendesha. Taa ya oili ikiwaka safarini, injini izimwe papo hapo, hata kama Kibiti inaonekana kwa macho. Sindano ya joto ikipanda, simama, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe hadi injini ipoe.

Taa ya betri ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Wengi husema betri itatufikisha. Lakini katika Land Cruiser nyingi za dizeli, feni belti inayozungusha altaneta ndiyo inayozungusha pampu ya maji, na pia pampu inayoipa breki nguvu. Ikikatika, injini itachemka na breki itakuwa ngumu.

Ipo pia taa iliyoandikwa T-BELT, inayokumbusha kubadili mkanda wa taimingi, katika nyingi kila kilomita 100,000. Taa hii inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa. Kwa hiyo mkiletewa bili, ombeni kuuona mkanda wa zamani.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: bajeti inapopunguzwa, fungu la matengenezo lisiwe la kwanza kukatwa huku fungu la dizeli likiachwa lilivyo. Kwa kamati, tunaomba daftari la safari liongezwe safu ya taa zilizowaka na hali ya pedali, dereva ajaze kila jioni, na mweka hazina atie sahihi kila Ijumaa. Aidha, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba taa nyekundu ikiwaka dereva ana ruhusa ya kusimama, awe amembeba nani. Nakala za ukurasa mpya wa daftari zinapatikana ofisi ya miradi kupitia kwa mchungaji wenu.